Mbili Uru za Ikoma

Rhobi alitaja mbili uru huku mkononi ana uru moja tu, na kuanzia dakika ile Maige akaamini kwamba mchumba wake ana mwanaume mwingine.

Asiyejua briji atasema Maige ana wazimu. Asikilize kwanza. Briji ni karata za watu wanne, wawili kwa wawili, na mwenzako anakaa ng'ambo ya meza mkitazamana. Kabla ya kutupa karata kuna mnada. Kila mmoja kwa zamu anataja namba na aina: maua, uru, kopa, shupaza, au anasema bila turufu; namba ni mizunguko anayoahidi kula juu ya sita. Aliyepanda juu kuliko wote ndiye anayecheza, na asipotimiza alichoahidi anaadhibiwa. Mpinzani akifungua mnada kwa kusema "moja bila turufu," ujue ana mkono mzito, wafalme na malkia wamemjaa. Kumwingilia hapo ni kujitafutia kipigo, labda muwe na mapatano. Kwa hiyo wenza wanakaa chini mapema na kukubaliana: akifungua hivyo, mimi nikisema hivi, nina hiki. Maige na Rhobi walikubaliana zamani. Mbili maua maana yake nina kopa na shupaza, tano tano, chagua wewe. Mbili uru maana yake nina uru nyingi, niache hapo hapo.

Na mapatano hayo hayafichwi. Mpinzani ana haki ya kuuliza, na anayejibu ni mwenzako. Wewe uliyetaja unakaa kimya.

Jumamosi ile walikuwa uani kwa Mwalimu Theodora, Mugumu mjini. Mwalimu alistaafu sekondari akafungua hoteli ya chai na chapati, na kila Jumamosi mchana ua wake unajaa watu wa briji: madereva wa watalii, nesi, karani wa mahakama, na fundi mmoja wa kuchomelea vyuma kutoka Kerende, ndiye Maige.

"Moja bila turufu," alisema Mwalimu Theodora, akipandisha miwani.

Rhobi alikuwa amevaa koti lake jekundu, nywele kasuka mistari myembamba ya kwenda nyuma. Hakufikiri hata kidogo. "Mbili uru."

Agness, nesi aliyekuwa akicheza na Mwalimu, alimgeukia Maige. "Shemeji, mwenzako anamaanisha nini?"

"Ana uru. Sita, labda saba."

"Una uhakika?"

"Huyu namjua mimi."

"Haya, mwenye mali kasema. Napita."

"Napita," alisema Maige.

"Napita," alisema Mwalimu, na mnada ukafungwa.

Rhobi alifumba macho kidogo, kama mtu aliyekanyaga mwiba akakataa kulia. Agness akaanza na uru, Maige akalaza karata zake mezani, maana mwenza wa anayecheza kazi yake ni kutazama. Mwalimu akala, akarudisha uru nyingine. Rhobi akatupa kopa.

Mtu aliyeahidi uru kaishiwa uru. Alitakiwa kula mizunguko minane, akala mitatu. Na kadiri karata zake zilivyokuwa zikianguka, Maige alikuwa anazisoma: kopa tano, shupaza tano. Yeye mwenyewe alikuwa na shupaza nne. Wangecheza shupaza wangekula huku wanaimba.

"Rhobi," alisema Mwalimu Theodora, "hiyo ilikuwa nini?"

"Nimechanganya, Mwalimu. Samahani."

"Hukuchanganya. Aliyechanganya anataja ovyo. Wewe una tano tano, umetaja mbili uru bila kupepesa macho. Huo ni mpango kamili, kuna watu wanaucheza. Shida ni kwamba mwenzako haujui." Akamtazama Maige juu ya miwani. "Na hapa kwangu hatuchezi mapatano ya mfukoni. Nendeni mkazungumze."

Walitoka wakasimama nje, karibu na mama anayeuza ndizi.

"Umejifunza wapi?" aliuliza Maige.

"Nini?"

"Rhobi."

"Nimeona mahali, mpenzi. Nikasahau."

"Mahali gani?"

"Maige, ni karata."

"Mimi nachomelea vyuma. Mkono haujifunzi kwa kuona, unajifunza kwa kurudia. Wewe umerudia. Na hukurudia na mimi."

Rhobi alimshika kola akaitengeneza, ingawa ilikuwa imekaa vizuri. "Msukuma wangu ana wivu wa karata. Kesho utaonea wivu sufuria." Alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye gari la kwenda Ikoma lililokuwa linapiga honi. "Nachelewa. Nitakupigia."

Hakujibu swali. Maige aliliona hilo.

*

Walikutana mnadani, siku ya ng'ombe, Mugumu. Siku hiyo mji unajaa mpaka unakosa pa kukanyaga: wafugaji na fimbo zao, wachuuzi wa dawa za panya wenye vipaza sauti, nyama inachomwa kila kona. Muuza mitumba mmoja alisimama juu ya meza akainua koti jekundu, vifungo vya dhahabu dhahabu.

Maige alikuwa amepata kazi nzuri wiki hiyo na alijisikia mtu. Akataja bei. Sauti ya mwanamke nyuma yake ikapandisha. Akapandisha. Ikapandisha. Watu wakaanza kushangilia. Maige alipandisha mara ya mwisho kwa hasira, na ile sauti ikasema kwa upole, "Chukua, kaka. Limekupenda."

Alipolivaa likaishia juu ya kitovu. Mnada mzima ulicheka. Aligeuka akamwona msichana mrefu wa Kikurya, gauni la maua madogo, viatu vya kazini vyeupe vya dobi, amejishika mbavu kwa kucheka.

"Ni la kike hilo," alisema.

"Ungesema mapema."

"Ungeangalia mapema. Wewe unapandisha tu bila kujua unanunua nini."

"Basi livae wewe."

"Kwa bei gani?"

"Jina."

"Rhobi. Na wewe, mwenye koti la kitovu?"

"Maige. Wa Kahama, lakini niko Kerende."

"Ulifuata dhahabu."

"Nilifuata dhahabu. Nimepata kuchomelea mashine za wanaosaga mawe ya dhahabu."

"Afadhali. Chuma hakidanganyi." Akavaa koti, likamkaa kana kwamba fundi alimpima. "Jumamosi njoo kwa Mwalimu Theodora. Kuna mnada wa karata. Mtu wa kupandisha ovyo kama wewe anahitaji shule."

Akaenda, akafunzwa, akanasa. Rhobi alikuwa anafua mashuka kwenye hoteli moja ya watalii karibu na lango la Ikoma, Jumamosi mchana anatoka mapema, na hiyo ndiyo ilikuwa siku yao. Mwaka haujaisha Maige akasema anataka kuoa.

Kumbe mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, ambaye Maige anamfanyia kazi Kerende, Mwikwabe, ni kaka yake Rhobi wa tumbo moja. Maige alikuwa anakula kwake, analala kwenye chumba cha uani kwake. Alipopeleka habari, Mwikwabe aliacha mkanda wa mashine aliokuwa anaufunga.

"Mura, kijana wangu, wewe ni mchapakazi. Sina neno. Lete ng'ombe baada ya mavuno, nitapokea mimi."

"Na mzee?"

"Mzee gani?"

"Baba yenu."

"Baba yetu alishakufa," alisema Mwikwabe, akaendelea kufunga mkanda wa mashine.

Rhobi alikuwepo pale, amebeba chai. Hakusema kitu. Maige alidhani ni huzuni.

Basi hali ilikuwa hiyo siku ya mbili uru: Kahama ndugu wanakusanya ng'ombe, mavuno yamekaribia, na mchumba anajua mapatano ya mtu mwingine.

*

Wasiwasi ukishaingia unatafuta chakula. Maige alianza kukumbuka Jumatano. Kila Jumatano mchana simu ya Rhobi inaita mpaka inakata. Akimuuliza, anaambiwa, "Jumatano ni siku ya mashuka, mpenzi. Maji mpaka viwikoni, simu nitaishikaje?"

Jumatano iliyofuata alipiga simu ya Nice, msichana anayefua pamoja na Rhobi.

"Nice, habari za kazi? Nipe Rhobi, yake haishiki."

"Rhobi? Rhobi leo ana mapumziko."

"Leo?"

"Si Jumatano? Jumatano ndiyo zamu yake ya kupumzika, tangu mwaka jana." Nice akasita. "Shemeji, kwani hujui?"

"Najua. Nilisahau."

Alikata simu akarudi kwenye geti alilokuwa anachomelea, akatoboa bati ambalo halikutakiwa kutobolewa.

Jumamosi Rhobi alituma ujumbe kwamba kazini wageni wamejaa, hawezi kuja. Maige akaenda kwa Mwalimu peke yake, akapangwa na Nikodemo, karani wa mahakama, mtu anayehesabu karata kwa vidole. Wapinzani wao walikuwa madereva wawili wa watalii: Simioni, mnene mpole, na Chrispin, mrefu, kofia ya khaki, meno meupe, manukato yanayofika kabla yake. Chrispin alikuwa mtu wa Karatu, anakuja msimu kwa msimu, na safari zake karibu zote zinaishia Ikoma.

"Moja bila turufu," alisema Nikodemo baada ya kuhesabu mara mbili.

"Mbili uru," alisema Chrispin.

Maige alihisi masikio yanapata moto. "Simioni. Mwenzako anamaanisha nini?"

"Kopa na shupaza, tano tano," alisema Simioni.

"Mmeitoa wapi hiyo?"

"Kaja nayo Chrispin. Ameipata Ikoma."

"Ikoma kwa nani?"

"Maige, cheza," alisema Mwalimu Theodora kutoka meza ya jirani. "Haki yako ni kuuliza maana. Ukoo wake haukuhusu."

Chrispin alitabasamu. "Ikoma kuna mambo, ndugu yangu. Mengine hayasemwi mezani."

Maige hakukumbuka tena alicheza nini. Nikodemo alisema baadaye kwamba alimtupia mfalme kama anavyotupa ganda la muwa.

Jumapili Rhobi alipiga simu, sauti yake imechangamka.

"Mpenzi, umeamkaje?"

"Nipo."

"Mbona hivyo? Una homa?"

"Sema."

"Jumatano hii omba ruhusa. Njoo Ikoma. Kuna mtu nataka umwone."

"Nani?"

"Utamwona. Vaa lile shati la bluu, na uchane nywele, usije na kichwa cha kiwandani."

"Ni mwanaume?"

"Ni mwanaume. Ndiyo maana nataka uje. Haya mambo siwezi kuyasema kwenye simu, na Mwikwabe asijue. Tafadhali, Maige. Usimwambie Mwikwabe."

"Mtu huyo anacheza briji?"

"Anacheza!" Rhobi alicheka. "Wewe, umejuaje? Anacheza kuliko sisi wote. Tutakuwa wanne mezani. Utakuja?"

"Tutaona."

"Useme utakuja."

"Nitakuja," alisema Maige, na alijua anadanganya.

Katika hesabu yake kila kitu kilikuwa wazi. Mwanamke anakuita umvalie shati zuri ili akuonyeshe aliyekushinda, tena mezani, mbele ya watu, halafu anakwambia kaka asijue kwa sababu ng'ombe bado wanatakiwa. Jumatano aliamka, akavaa ovaroli, akazima simu akaitupa kwenye sanduku la fyuzi. Alichomelea mpaka jua likazama. Alipoiwasha akakuta ujumbe wa Rhobi, wa mwisho ukiwa mfupi: "Tumekungoja."

Tumekungoja. Wao. Alilisoma neno hilo mpaka likamuuma, kisha akajibu: "Msiningoje tena."

Rhobi hakupiga. Jumamosi hakuja kwa Mwalimu, na ile nyingine pia hakuja. Maige alikuwa anajiambia amepona, huku kila pikipiki ikisimama nje ya karasha anageuka.

"Mura, umegombana na dada yangu?" Mwikwabe alimuuliza.

"Hapana, bosi."

"Mmoja wenu anadanganya. Sijali ni nani. Mavuno hayo yanaisha." Siku hiyo Mwikwabe mwenyewe alikuwa na uso wa mtu aliyekunywa dawa chungu. Aliongea na simu nyuma ya mashine, akapaza sauti mara moja tu, akarudi kwenye mashine.

*

Maige alimkuta Chrispin kwenye kituo cha mafuta Mugumu. Gari la watalii linajazwa, Chrispin amesimama pembeni, kofia mkononi, anakunywa soda. Maige alikwenda moja kwa moja akamshika shati kifuani.

"Mwache Rhobi."

"Ndugu yangu, shati."

"Nimesema mwache Rhobi!"

Mhudumu wa mafuta aliacha pampu. Wazungu wawili walishusha kioo, wakakipandisha.

"Rhobi wa dobi?" alisema Chrispin. "Mimi nina mke Karatu na mapacha. Rhobi namwita mdogo wangu. Achia shati, tuongee kama watu."

"Mbili uru umeipata wapi?"

"Nini?"

"Mbili uru! Kopa na shupaza! Wewe unayo, yeye anayo. Mnacheza pamoja kila Jumatano Ikoma. Kataa."

"Sikatai. Tulikuwa tunacheza kila Jumatano." Chrispin alimtazama sasa kwa namna nyingine, na sauti yake ikashuka. "Subiri. Wewe ndiye Msukuma. Wewe ndiye uliyekuwa uje."

"Nije nikuone wewe?"

"Uje umwone mzee. Zile mbili uru ni za Mzee Ezra. Alikuwa mhudumu wa baa hotelini pale miaka mingi, wageni wakikosa mtu wa nne wanamwita. Ametufundisha mimi, na mwenye duka jirani yake, na binti yake."

"Binti yake nani?"

"Rhobi."

Maige aliachia shati. "Baba yake Rhobi alikufa zamani."

"Amekufa wiki iliyopita," alisema Chrispin. "Mimi nilibeba jeneza."

Mafuta yalikuwa yanamwagika kidogo kwenye saruji, mhudumu akakimbilia pampu. Chrispin alinyoosha shati lake.

"Niliahidi kunyamaza kwa sababu ya yule kaka mtu. Sasa wa kufichwa hayupo. Tulimpigia kaka simu ili mzee azikwe kwao, akasema maiti yake aliizika siku mzee alipowaacha. Tumemzika huko huko Ikoma." Akavaa kofia. "Panda. Naelekea huko. Kaa mbele, na usiguse watalii wangu."

*

Chumba cha Mzee Ezra kilikuwa nyuma ya duka, paa la bati, mlango wa bluu. Nje, chini ya kibanda kilichoezekwa nyasi, palikuwa na meza ndogo na viti vinne vya mbao. Rhobi alikuwa ndani anakunja nguo za kiume. Amejifunga kanga nyeusi, nywele zimenyolewa. Koti jekundu limetundikwa msumarini.

"Umefuata nini?" aliuliza bila kusimama.

"Chrispin ameniambia."

"Chrispin. Kumbe Chrispin ukimuuliza unamwamini."

"Pole, Rhobi."

"Nimeshapoa. Asante. Mlango huo hapo."

Maige hakutoka. Alikaa kizingitini. "Ungeniambia ni baba yako."

"Ungekuja ungejua."

"Mwikwabe aliniambia amekufa. Na wewe ulikuwa umesimama pale na chai."

Hapo Rhobi aliacha kukunja. "Nilinyamaza, ndiyo. Hilo nalibeba. Baba alituacha nikiwa darasa la nne, akaja huku na mwanamke, mwanamke naye akamwacha. Mwikwabe ndiye aliyenilea. Aliapa, atakayekwenda kwa mzee asirudi kwake. Mwaka jana nikamkuta mzee hapa, miguu imevimba, moyo umechoka. Ningefanya nini? Hataki uji, hataki dawa, anataka karata. Nikicheza naye anakubali kunywa dawa."

"Mimi ningenyamaza."

"Wewe?" Alicheka bila furaha. "Wewe ukipata mfalme mkononi meza nzima inajua. Unakula kwa Mwikwabe, unalala kwake. Ningekupa siri hiyo uibebe wapi, kwenye uso huo? Nilitaka umwone kwanza. Mzee akukubali, halafu twende kwa Mwikwabe sote wawili tumwambie, akitufukuza atufukuze pamoja."

Maige aliinamisha kichwa.

"Ile Jumatano," alisema Rhobi, "alivaa viatu. Unajua miguu yake ilikuwaje? Alivilazimisha. Nikamwambia baba, tata, kaa na ndala, huyu ni mtu wa kawaida. Akasema hapokei mkwe na ndala. Alikaa pale nje tangu mchana. Kila gari likipita anauliza, huyo ndiye Msukuma? Nasema bado. Chrispin alikuja, mwenye duka akaondoa kiti chake akakuwekea kipya, kikakaa kitupu. Hakutaka tucheze mpaka ufike. Jua lilipozama akasema, labda gari lake limeharibika. Akakutetea, Maige. Hakujui, akakutetea."

"Rhobi..."

"Viatu nilimvua mimi. Sikumwonyesha ule ujumbe wako. Aliuliza tena kesho yake, nikasema gari liliharibika kweli. Amekufa anajua gari liliharibika."

Maige alilia. Hakulia kwa ustadi, alilia kama mwanaume asiyezoea, kwa kukwaruza koo. Rhobi alimwacha alie. Alimaliza kukunja mashati, akayapanga, kisha akaja akakaa upande wa pili wa kizingiti. Hawakugusana.

"Ulidhani ni Chrispin?" aliuliza baadaye.

"Nilidhani ni Chrispin."

"Na manukato yale? Mimi?"

"Nilikuwa mjinga."

"Ulikuwa mjinga sana." Alipangusa pua kwa kanga. "Bado unapandisha bila kuangalia."

Maige alinyanyuka, akaenda kwenye kile kibanda, akakaa kwenye kiti kilichokuwa kitupu Jumatano ile. Alijua ni kipi kwa sababu vingine vitatu mbao zake zilikuwa zimeng'aa kwa kukaliwa.

"Nifundishe," alisema.

"Nini?"

"Mbili uru. Zote. Mapatano yake yote, kama alivyokufundisha."

Rhobi alinyanyuka kizingitini. Kisha akaingia ndani, akatoka na karata zilizolegea pembe. Akakaa ng'ambo ya meza.

"Mbili maua, nina aina moja ndefu, nitakutajia baadaye," alisema. "Mbili uru, kopa na shupaza. Rudia."

"Mbili uru, kopa na shupaza."

"Ulipita, Maige. Ukisikia hivyo hupiti. Unachagua moja, unasema. Unasikia? Hupiti."

"Sipiti."

*

Walikwenda kwa Mwikwabe pamoja, Rhobi amevaa ile kanga nyeusi. Mwikwabe aliwaacha wamesimama juani mpaka mashine ikamaliza kusaga. Alipotoka alimtazama dada yake kichwa, nywele zilipokuwa.

"Ulinyoa kwa ajili yake."

"Ni baba yangu, kaka. Na wewe ni wako."

Mwikwabe aliuliza kitu kimoja tu: kama mzee alimtaja. Rhobi akasema alimtaja kila siku, na hilo lilikuwa kweli. Mwikwabe akaingia ndani. Ng'ombe walipofika kutoka Kahama aliwapokea, hakuongea sana, lakini aliwapokea.

Rhobi aliporudi kwa Mwalimu Theodora nywele zilikuwa zimeota kama nyasi za baada ya moto, na koti jekundu juu ya gauni jeusi. Watu walimpa pole kwa mkono, kisha wakakaa.

"Moja bila turufu," alisema Mwalimu.

Rhobi alimtazama Maige. "Mbili uru."

Agness aligeuka taratibu. "Shemeji. Mwenzako anamaanisha nini?"

"Kopa na shupaza, tano tano," alisema Maige. "Ni mapatano ya baba mkwe, Mzee Ezra wa Ikoma. Mnaotaka kuyajua mniulize, nitawaambia yote."

Agness akapita. Maige hakupita. Alitaja shupaza, wakacheza, wakatimiza.

Iliwagharimu hivi. Jumatano moja. Mzee mmoja aliyekaa mchana kutwa na viatu vilivyombana, akimngojea mkwe ambaye hakumwona. Uongo mmoja kuhusu gari, ambao Rhobi ataubeba mwenyewe. Neno moja, "nimempa," ambalo alitakiwa kulisema baba wa binti, likasemwa na kaka, mbele ya ng'ombe, huku anatazama chini. Kaburi moja lililo Ikoma wakati kwao ni Kerende. Na meza ya watu wanne nyuma ya duka, ambapo hakuna anayecheza tena.